Mchanga Ulioletwa na Upepo

Mwanangu Omondi,

Ukifika kwenye neno hilo la kwanza najua utacheka, halafu utamwita mamangu aje naye acheke. Tafadhali usimwite. Soma hii peke yako, ukiwa umekaa.

Mtu asiyetujua akipita kwetu hushangaa kumsikia mwanamume mwenye mvi akimwambia msichana wa kidato cha tatu, "Mama, niletee maji ya kunawa." Sisi hatushangai. Nilipozaliwa nilipewa jina la mama yako, Awuor, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na kwetu Wajaluo jina la namna hiyo haliji peke yake, linakuja na heshima ya mwenyewe. Tangu siku hiyo mimi ni mama yako na wewe uliyenizaa ni mtoto wangu. Mamangu naye akapata mama mkwe mdogo wa kutania. "Mama mkwe, vyombo vinakungoja," huniambia kila jioni niwapo nyumbani, na mama mkwe huinuka akaviosha.

Basi kesho mtoto wangu anaondoka nyumbani kwenda ng'ambo, miaka miwili, kulinda maghala ya watu katika nchi ya jangwa, na mzazi wa kumwandikia ni mimi. Nimetumia Kiswahili kwa sababu kwa Kijaluo ningekuita *wuoda*, mwanangu wa kiume, ningeisikia sauti yangu ikilitamka neno hilo, na aibu ingenifanya niweke kalamu chini. Katika Kiswahili cha shule naweza kujificha kidogo.

Sitaandika habari za pasipoti, wala sweta ya kuvaa ndani ya ndege, wala kupiga simu ukifika. Hayo mamangu amekuambia, akarudia, na nadhani mengine ameyashonea kwenye mkoba. Mimi nataka kukuandikia habari za mchanga.

Nimekaa juu ya mwinuko wetu, upande wa ziwani. Jua bado lina nguvu, na upepo wa alasiri unajaribu kunigeuzia karatasi. Nilitafuta jiwe la kuzikandamiza, nikakumbuka kwamba hapa hakuna jiwe. Nimetumia kiatu.

Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba hapa hakuna mawe. Nilikuwa na miaka sita tulipohama Migosi, kule mjini. Nakumbuka chumba chetu cha kupanga, na maji ya mvua yaliyosimama mlangoni mpaka tukapanga matofali ya kukanyagia. Siku tuliyohamia huku mvua ilitunyeshea tangu Katito. Njia ya kutoka barabarani ilikuwa ule udongo mweusi unaoshika mguu na kukataa kuuachia. Kiatu changu kimoja kilibaki ndani yake, ukanibeba mgongoni. Ulipofika juu ya mwinuko ukanishusha, nami nikakunja vidole vya miguu nikingoja tope. Hapakuwa na tope. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu, na chini palikuwa pameanza kukauka kama pamefagiliwa.

Nilikuuliza maji yameenda wapi. Ukasema, "Yamepita. Hapa maji hayakai kupiga domo."

Halafu ukanichimbia shimo lenye kina cha mkono wako hadi begani. Tulitafuta kokoto, hatukupata. Tulitafuta magamba ya konokono, hatukupata. Punje zilikuwa zinalingana, kana kwamba kuna mtu aliyezipitisha kwenye chekecheke. Uliniambia aliyezichekecha ni upepo. Upepo huo ulichukua ufukweni kile ulichoweza kubeba, ulipochoka ukakiweka hapa, na umefanya hivyo kwa miaka ambayo hakuna anayeijua. Nikakuuliza nani alikuambia.

"Ni wewe uliyeniambia," ukajibu, kwa sababu ulikuwa umeambiwa na Dani Awuor, nyanya yangu.

Miaka mingi baadaye kitabu cha kilimo kiliniongezea mengine. Mto huleta mchanga ziwani, mawimbi huutupa nje, na ziwa likirudi nyuma ufuko hubaki mpana na mkavu, ndipo upepo hupata kazi. Kokoto ni nzito, hubaki ufukweni. Vumbi jepesi kabisa hupaa likaenda mbali. Kinachotua katikati ndicho udongo wetu, mchanga mwembamba uliochanganyika na vumbi kiasi na udongo kidogo wa mfinyanzi wa kuushikanisha. Ukiulowesha na kuufinya kiganjani unakuwa donge, ukiligusa donge kwa kidole linavunjika. Kitabu kinauita udongo tifutifu wenye mchanga. Nililisoma jina hilo nikafurahi kama mtu aliyekuta picha ya nyumba yao gazetini.

Nayakumbuka mambo mengi ya mwinuko huu, sijui kama nawe unayakumbuka. Nakumbuka mavuno ya njugu, jinsi tulivyoshika shina kwa mkono mmoja na kulivuta, likatoka na njugu zake zote safi bila jembe, huku majirani wa udongo mweusi wakivunja mipini. Mizizi yetu ilishuka chini moja kwa moja bila kukutana na kitu cha kuipinda. Nakumbuka mwaka ziwa lilipopanda likaingia mashambani, watu wakaja kwetu na mbuzi na magodoro na redio, kwa sababu hapa ndipo palipokuwa pakavu. Mzee Odera, jirani yetu, alilala na kuku wake chini ya ghala letu wiki tatu. Asubuhi alikuwa akiutemea mchanga mate ya baraka na kusema kwamba Awuor alijua kuchagua pahali pa kuolewa. Nilikuwa mdogo, nikadhani ananisema mimi, nikakimbia kujificha.

Na nakumbuka ua. Ule ua wa mnyaa, ojuok, alioupanda Dani upande wa ziwani, mistari mitatu iliyobanana, mirefu kuliko wewe, na majani marefu yaliyoota chini yake. Nikiwa mtoto niliegemea upande wake wa ndani kusoma, kwa sababu hapo tu ndipo karatasi hazikuruka. Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya ua, kunisomesha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka vya kutosha.

Mwaka juzi, likizo ya Desemba, nilirudi kutoka shule na daftari la kilimo na kichwa kikubwa. Nilikuwa wa kwanza darasani katika somo hilo. Kitabu kilisema kwamba ua mnene hunyang'anya mimea maji, huitia kivuli, na huficha panya na ndege waharibifu. Nikapima kwa hatua ardhi iliyokuwa chini ya ua wa Dani. Nikachora ramani, nikahesabu kwamba tungepata mistari kumi na minne zaidi ya njugu. Nilikuletea ramani hiyo ukiwa unanoa panga, nikakuambia tukate.

Uliiangalia muda mrefu. Nakumbuka ulivyoishika kwa ncha za vidole ili usiichafue. Mamangu, kutoka jikoni, aliuliza kama ua ulikuwa umekosea mtu. Wewe ukasema, "Mama akisema, mimi ni nani?"

Ulitabasamu, nami nikajiona nimekuwa mtu mzima. Sikujua kwamba hukuwa unakubaliana na hesabu yangu. Ulikuwa unalitii jina.

Tuliukata kwa siku nne. Maziwa ya mnyaa yalikurukia jichoni siku ya pili, jicho likavimba, mamangu akakuosha kwa maji akinitazama mimi. Siku ya tatu ulirudi ukiwa umelifunga kitambaa. Tukang'oa mpaka visiki. Nilirudi shule Januari nikiwa na furaha, nikawaeleza wenzangu nilivyomshauri babangu.

Halafu kiangazi kikaja, na upepo ukaja kama unavyokuja kila alasiri, ila sasa hakuna kilichousimamisha. Udongo wetu ni wa kubebwa na upepo. Ndivyo ulivyofika. Ardhi ikiwa tupu na kavu, upepo hauna haja ya kuomba ruhusa, unauchukua tu na kuendelea na safari iliyosimama zamani. Niliporudi Aprili nilikuta miguu ya nguzo za zizi iko nje, nyeupe, hadi karibu na goti langu. Udongo wa juu, ule mweusi kidogo uliolishwa samadi na wewe na Dani kwa miaka yote hiyo, ulikuwa umekwenda. Mbegu za njugu ulizopanda kabla ya mvua zilifunuliwa, kanga wakazila kama wamekaribishwa. Mchanga uliingia katika nyumba, katika blanketi, katika unga. Mamangu alinipakulia ugali, akasema, "Karibu, mama mkwe. Huu wa leo una shamba ndani." Alikuwa ananitania kama kawaida. Nilitafuna, na kila punje ilisikika.

Wewe ulisema tu kwamba upepo ni upepo.

Usiku sikulala, nikafungua kitabu asubuhi kulipokucha. Mwanangu, hili sijawahi kumwambia mtu. Ukurasa uliofuata ule niliousoma ulisema kwamba katika udongo wa mchanga ulioletwa na upepo, ua upande unakotoka upepo usiondolewe kamwe, kwa sababu ndio unaoushikilia. Ulikuwa ukurasa unaofuata tu. Sikuufungua kwa sababu ulikuwa wa kipindi cha muhula mwingine, na mimi ni mtoto wa kusoma alichoambiwa asome.

Hata hilo si baya kuliko yote. Baya lilikuja siku mbili baadaye. Mzee Odera alipita, akasimama pale palipokuwa na ua, akakuuliza kwa nini ulikata mti wa mama yako. Nilikuwa nyuma ya ghala na mtungi wa maji. Ungeweza kusema ni ramani ya mtoto. Ungeweza hata kuifanya mzaha. Ulisema, "Nilichoka na majani yake. Ni ujinga wangu, Mzee."

Mzee Odera alikuambia maneno ambayo mtu hamwambii mwanamume mbele ya mlango wake. Nami nilisimama nyuma ya ghala nikishika mtungi mpaka mikono ikafa ganzi, na sikutoka. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilijua kutamka majina ya udongo wa nchi nzima, na nikashindwa kutembea hatua kumi na kusema, "Ni mimi."

Njugu zilikataa msimu huo, na uliofuata pia. Udongo uliobaki ni mchanga wenye njaa. Unapitisha maji vizuri, na mbolea unaipitisha vilevile. Ndipo ukaanza kupiga simu kwa yule rafiki yako wa Migosi aliyewahi kufanya kazi ng'ambo. Hujaniambia kwamba unaondoka kwa sababu ya ua. Hukuniambia pia kwamba huondoki kwa sababu hiyo.

Tangu Aprili ile, kila likizo, nimekuwa nikipanda vipande vya mnyaa nilivyoomba kwa majirani. Mnyaa ni mti mwema, unaudunga tu mchangani nao unasamehe. Mara ya kwanza ulinikuta nimepiga magoti na vipande kumi. Kesho yake asubuhi nilikuta umeegesha toroli limejaa vipande, na jembe juu yake, wewe mwenyewe hupo. Sijawahi kukushukuru kwa toroli lile. Nakushukuru sasa.

Mzazi anapoandika barua ya namna hii anatakiwa kumpa mtoto mafunzo. Mimi ninalo dogo, na nimelipata kwa gharama yako. Huko uendako kutakuwa na mtu mwenye karatasi na sauti ya uhakika, na wewe ni mtu wa heshima, utataka kumwamini. Muulize kama amesoma ukurasa unaofuata. Na ukilaumiwa kwa kosa la mwenzako usiseme haraka kwamba ni ujinga wako. Najua ulinifanyia hivyo kwa mapenzi. Lakini ulipolibeba wewe, mimi sikupata pa kuliweka, nimekuwa nikitembea nalo shuleni, kanisani, mezani, na nadhani limenifanya niwe bubu zaidi kuliko nilivyozaliwa.

Ndiyo maana nilikujibu vile siku ya Jumatatu.

Uliona mwenyewe. Yule mwenye malori ya mchanga tunayemwita Bwana Tipa alikuja, akapanda mwinuko, akapiga chini kwa kisigino. Alisema miaka miwili utakayokuwa nje, malori yake yatachukua mchanga kidogo kidogo kujazia viwanja vya udongo mweusi, na ukirudi utakuta umejengewa nyumba ya mawe. "Mzee, hii mchanga imekaa tu," alisema. "Ng'ombe inazaa, kuku inazaa. Mchanga haizai."

Ulinigeukia mimi niliyekuwa nimeshika trei ya chai, ukauliza, "Mama anasemaje?"

Bwana Tipa alicheka, akidhani ni utani. Mimi nikaona nguzo za zizi zenye miguu nje. Nikaona jicho lako lililofungwa kitambaa. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo tena utatii tena, na nikikosea mara ya pili hakutabaki hata pa kusimama. Nikasema, "Sijui." Ukamwambia Bwana Tipa aje siku ya kuondoka kwako, asubuhi, na karatasi zake za kutia sahihi.

Lakini ninajua. Jumatatu ilikuwa uongo.

Jumanne nilichukua chupa ya mdomo mpana, nikatia udongo wa chini ya ua mpya, nikajaza maji, nikaitikisa, nikaiweka dirishani mwa jikoni. Mchanga ulitua kabla sijamaliza kuhesabu hadi sitini. Vumbi laini lilifuata baada ya saa kadhaa. Udongo wa mfinyanzi ulibaki ukielea mpaka jana, kisha nao ukatua, utando mwembamba kuliko ukucha. Pembeni niliweka chupa nyingine, ya udongo wa katikati ya shamba, kule tulikoharibu. Hiyo maji yake yalikuwa safi mapema, kwa sababu haina cha kuelea. Ziangalie zote mbili asubuhi ukinywa chai. Utando ule mdogo ndio uliotulisha, na kwenye ua umeanza kurudi. Nimedunga kijiti hapo na kukitia alama. Tangu likizo iliyopita mchanga umepanda upana wa kidole kimoja. Upepo bado unaleta. Ulikuwa unangoja mahali pa kuweka.

Lori moja la Bwana Tipa litabeba kwa asubuhi moja kile ambacho upepo, kidole kwa kidole, hautakirudisha nikiwa hai. Na watu wa udongo mweusi, ziwa likipanda tena, wataleta mbuzi wao wapi? Mzee Odera ataweka wapi kuku?

Najua unafikiria shule yangu, na mamangu kubaki peke yake, na kwamba ardhi hii sasa haitoi. Nimelifikiria hilo pia. Mnyaa unahitaji misimu mitatu ufike kiunoni. Tutapanda kunde na viazi vitamu nyuma yake, vitambae vifunike chini, pasibaki tupu kiangazi. Samadi tutatia kidogo kidogo na mara nyingi, siyo yote mara moja, ili isipite na maji. Mamangu amekubali kazi hiyo, alisema mama mkwe akimtuma hana budi, halafu akanishika bega na hakucheka. Ukirudi hutakuta nyumba ya mawe. Utakuta mahali pa kuijenga.

Jua sasa limegusa ziwa na sioni mistari vizuri, kwa hivyo nitasema lililobaki haraka.

Uliuliza Mama anasemaje. Dani Awuor alishasema. Alipanda ua, na hilo ndilo neno lake lote. Mimi nilipewa jina lake nikalitumia kukata alichokisema, na wewe ulinitii kwa sababu ya upendo wako kwake. Sitaki unitii tena hivyo. Kesho akija na karatasi zake, niulize mara ya pili mbele yake, na mbele ya Mzee Odera ambaye atakuja kukuaga. Nitakuwa nimesimama karibu na mlango, bila trei. Kwanza nitamwambia Mzee Odera ni nani aliyetaka ua ukatwe. Kisha nitasema usitie sahihi, nitaeleza kwa nini, na unaweza kukubali au kukataa, kwa kuwa shamba ni lako.

Ila nakuomba, Baba, usiniulize Mama anasemaje. Niulize Awuor anasemaje, kama unavyomuuliza mtoto wako, ili nikikosea niwe nimekosea mimi.

Ni mimi binti yako,
Awuor